Jinsi ya kuhesabu kimya cha mtu anayekoroma

Andaa daftari, kalamu, saa yenye mshale wa sekunde na kiti kisicho na raha. Nasema kisicho na raha kwa sababu usiku wa kwanza mimi nilikaa kwenye kochi, na asubuhi binti yangu akaniambia tulikuwa tunakoroma wawili.

Nimefanya uuguzi miaka 31, mingi yake hapa Kigoma, na nimeishi na fundi wa injini za boti wa Kibirizi kwa miaka mingi kuliko hiyo. Muda wote huo nilikuwa nasikiliza kelele. Majirani zetu wa Ujiji nao wanaisikia, dirisha likiwa wazi. Watu wakisikia mtu anakoroma hivyo husema huyo amelala usingizi wa pono, yaani amefaidi. (Pono mwenyewe ni samaki wa baharini, ziwani kwetu hayumo. Nadhani msemo ulikuja na treni, kama vitu vingi hapa.) Mkoromo ni sauti ya hewa inayopita kwa shida mahali palipobana. Maadamu unausikia, hewa inapita. La kuogopa ni pale sauti inapokatika ghafla na nyumba nzima ikashukuru. Hayo ndiyo maradhi ya kukatika pumzi usingizini, ambayo madaktari huyaita sleep apnea.

Namna ya kuhesabu ni hii. Mwache alale saa nzima kwanza. Sikiliza mkoromo ukipanda, ukipanda, halafu kimya. Hapo usimtazame usoni, tazama kifua na tumbo. Taa ya simu iliyofunikwa kwa kitambaa inatosha. Vikiwa vinahangaika, kifua kinabonyea huku tumbo linainuka, lakini ukisogeza mgongo wa mkono wako puani na mdomoni husikii hewa, koo limeziba. Ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zimelegea na kuangukia njia. Kifua nacho kikiwa kimetulia tuli, andika hivyo hivyo, maana hiyo ni aina nyingine, ubongo wenyewe umeacha kuagiza pumzi, na daktari atataka kujua tofauti.

Kimya kikianza, tazama mshale. Chini ya sekunde 10 achana nacho. Kuanzia 10 weka alama na uandike urefu wake. Mimi niliita kila kimoja mkato. Mikato mingi ya mzee wangu ilikuwa kati ya sekunde 20 na 35. Mmoja ulifika 52. Sekunde 52 ni ndefu mno ukiwa umekaa gizani na mtu wako hapumui. Mkono wangu ulikuwa tayari begani kwake nimtikise, ndipo akavuta pumzi kwa mshindo, kama injini ya boti inapokubali kamba, akageuka, akaendelea kulala. Hakujua lolote. Hiyo ndiyo shida ya maradhi haya: anayeumwa ndiye shahidi asiyefaa.

Hesabu saa nzima mara mbili: kuanzia saa sita hadi saa saba usiku, kisha kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri. Ya alfajiri usiiache hata kama macho yanawaka. Karibu na kucha ndoto huwa nyingi, na mtu akiota misuli hulegea kuliko wakati wowote, pamoja na ile inayolishikilia koo. Mikato mirefu iko huko. Mimi nilipata 27 katika saa ya kwanza na 38 katika saa ya alfajiri.

Hospitali hutumia wastani wa kila saa: 5 hadi 14 ni kiwango kidogo, 15 hadi 29 cha kati, 30 na kuendelea kikubwa. Wao huhesabu pia pale pumzi inapopungua bila kukatika, kitu ambacho jicho lako halitakiona, kwa hiyo hesabu ya kitini mara nyingi huwa pungufu. Usiipeleke kama jibu. Ipeleke kama ushahidi.

Andika pia mara anazoamka kwenda kukojoa. Mzee alikuwa anakwenda mara nne, na sote tulikuwa tumeshaamua ni tezi dume au sukari. Sukari ikapimwa, haikuwemo. Jambo lenyewe ni hili: anapovuta pumzi na koo limefungwa, kifua hunyonya, vyumba vya moyo hutanuka, na moyo uliotanuka hudhani mwili umejaa maji. Unatoa homoni ya kuziambia figo zikamue. Kibofu hakina kosa.

Halafu rekodi video ya dakika 2 au 3, kifua kionekane na sauti isikike. Utaihitaji mara mbili, kwa daktari na kabla yake kwa mgonjwa.

“Mzee, jana alfajiri uliacha kupumua mara thelathini na nane.”

“Nani kahesabu?”

“Mimi.”

“Ulikuwa unaota, Mama.”

Nikamwonyesha simu. Akaitazama mara mbili, akaniuliza, “Sasa huyu wa kwenye simu ataponaje?” Nikajua tumeanza kuelewana.

Sasa, kwa nini nakukesheza hivi? Kwa sababu ya damu ya mapafuni, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilikuwa nimelala na vyeti vyangu ukutani.

Fikiria wachuuzi wa dagaa wenye baiskeli. Wakisikia mwalo wa Katonga leo hauna mitumbwi, hawapotezi muda huko, wanapinda kwenda Kibirizi. Damu ndani ya mapafu huenda vivyo hivyo. Kipande cha pafu kikikosa hewa, tuseme kimejaa makohozi au nimonia, mishipa midogo ya pale hujibana ili damu ielekee penye hewa. Kwingine mwilini mishipa hufanya kinyume, ikikosa oksijeni hutanuka. Tabia hii ya mapafu ilionyeshwa na von Euler na Liljestrand huko Uswidi mwaka 1946, wakiwapima paka. Ni utaratibu mzuri sana, maadamu kuna mwalo mwingine wenye mitumbwi.

Lakini zikifika siku za mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mialo yote ni mitupu. Koo likiziba, kinachokosa hewa ni mapafu yote mawili. Kila mshipa mdogo unajibana ukidhani jirani yake anayo. Damu haina pa kupinda, inarundikana mlangoni, na moyo upande wa kulia unasukuma nyuma yake.

Upande huo wa kulia haukuumbwa kwa kazi nzito. Wastani wa presha kwenye mshipa mkuu wa mapafu ni kama milimita 14 za zebaki tu, wakati kwenye mkono, pale tunapofunga kile kitambaa kliniki, wastani ni karibu 90. Ukuta wa moyo wa kulia ni mwembamba kwa sababu hiyo. Siku hizi madaktari husema presha ya mapafu imepanda wastani ukizidi 20. Zamani walikuwa wanaanzia 25. Nisisitize kitu ambacho hata wenzangu wa wodini walikuwa wanakichanganya: kile kipimo cha mkononi hakikuambii chochote kuhusu presha ya mapafu. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 safi na bado mapafuni kunafukuta.

Na kile kifua kinachonyonya, nilichosema huchokoza figo, kinaongeza mzigo. Kinavuta damu nyingi zaidi irudi upande wa kulia wakati uleule ambapo mlango wa kutokea umebanwa. Pumzi ikirudi, mwili unashtuka, presha ya mkononi nayo inaruka, moyo wa kushoto unapigwa kofi. Moyo wa kushoto ukichoka kwa miaka, damu hurudi nyuma na kujaa mapafuni kutoka upande wa pili. Mapafu yanabanwa mbele na nyuma.

Mkato mmoja hauna neno. Hewa inaporudi mishipa hufunguka. Ila mikato mia mbili kwa usiku, miaka kumi, hufanya kuta za mishipa hiyo ziwe nene na ngumu, na hapo presha hubaki juu hata mchana mtu akiwa macho. Mzee alinisikiliza nikimweleza, akafikiri, akasema, “Propela imenasa wavu. Injini inaunguruma, boti haiendi, na kinachoungua ni injini.” Miaka 31 ya uuguzi na sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Nisikutie hofu kupita kiasi, hata hivyo. Kwa wengi ambao tatizo ni koo peke yake, presha ya mapafu hupanda kidogo, na wengine haipandi. Hupanda vibaya pakiwa na la pili: mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni, moyo wa kushoto uliochoka, au unene mkubwa unaomfanya mtu apumue kidogo hata mchana. Kwa hiyo baada ya kuhesabu usiku, mchunguze mchana.

Anza na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Mkalishe dakika 5, vidole viwe na joto, kucha zisiwe na rangi wala piko. Sisi tuko kando ya ziwa lililo kama mita 770 juu ya bahari, si mlima wa kutusingizia, kwa hiyo 95 na kwenda juu ndiyo kawaida. Chini ya 92 akiwa macho na ametulia, nenda hospitali siku hiyo, usingoje Jumatatu. Na ujue kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huelekea kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 93 ya kwetu usiidharau. Usiku unaweza kumwachia kidoleni: utaona namba ikiteremka sekunde kadhaa baada ya mkato, mara nyingine mtu ameshaanza kupumua ndipo inafika chini kabisa. Kifaa hakijakosea, damu inachukua muda kusafiri kutoka mapafuni hadi kidoleni. Mzee alikuwa anashuka hadi 78.

Kisha miguu. Jioni bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi 5, achia. Shimo likibaki, maji yapo. Mwegemeze nusu kukaa nusu kulala, tazama mshipa wa shingoni kama umetuna. Muulize kama anahisi uzito chini ya mbavu za kulia, kwenye ini. Hayo yote ni damu inayorudi nyuma kwa kuwa moyo wa kulia umeelemewa. Tazama pia anavyopanda mlima. Mzee wangu, kupandisha kutoka Kibirizi, alikuwa anasimama mara tatu. Hakuwahi kusema amechoka. Alikuwa anasimama kusalimia watu, na mimi nilimsifu kwa adabu.

Kituo kimoja cha afya walimpa dawa ya kukojoa kwa ajili ya ile miguu na kumwambia apunguze chumvi. Hawakukosea kuhusu chumvi. Lakini hakuna aliyeuliza analalaje, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika cheti, sikusema.

Wala usiukabidhi mkoromo lawama zote. Huku kwetu presha ya mapafu ina wenyeji wake. Kichocho cha tumbo, kile cha kuoga na kuchota maji pembezoni mwa ziwa, mayai yake yakifika mapafuni huziba mishipa midogo, na anayekaa ufukweni tangu utoto lazima aulizwe. Kuna makovu ya kifua kikuu, kuna selimundu. Kuna mama zetu waliokaanga mawese juu ya kuni miaka arobaini. Moshi ule ni sigara isiyo na pakiti. Mtaje mgonjwa wako alivyo, kazi yake na jiko lake.

Hospitali usiseme “anakoroma sana”. Watacheka, nawe utacheka. Sema hivi: “Usiku anakatika pumzi mara 30 kwa saa, mrefu kuliko yote sekunde 52, oksijeni inashuka hadi 78, miguu inavimba, mchana anasinzia.” Weka daftari mezani. Chukua na utepe wa fundi cherehani: shingo inayozidi sentimita 40 ni miongoni mwa maswali watakayouliza, pamoja na umri uliopita miaka 50, presha ya kupanda na uzito. Ya mzee ilikuwa 44. Uliza kuhusu eko ya moyo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo hukadiria presha ya mapafu kwa kutazama damu inayorudi kupitia valvu ya kulia, na huonyesha kama chumba cha kulia kimetanuka. Uliza kipimo cha usingizi, na wingi wa damu pia, maana mwili unaokosa oksijeni kila usiku huweza kutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi, damu ikawa nzito. Kukiwa na shaka kubwa, jibu la mwisho hupatikana kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyo wa kulia, na hilo ni safari ya rufaa. Sisi tulikwenda Dar es Salaam. Kama amewahi kuzimia, ana maumivu ya kifua, au midomo inageuka rangi, hakuna daftari wala foleni, ni dharura.

Wakati unasubiri, mlaze ubavu. Chali ndiyo adui, ulimi unaanguka moja kwa moja kooni. Vitabu husema shona mpira mgongoni mwa nguo ya kulalia. Mimi nilichukua soksi, nikaijaza mise, zile kokwa za mawese zilizojaa uani kwetu, nikaishona katikati ya mgongo wa fulana yake. Akigeukia chali zinamchoma, anarudi ubavu bila kuamka. Alilalamika siku tatu. Usiku wa nne, saa ya alfajiri, nilihesabu 16.

Pombe jioni hapana, iwe ya ndizi, ya mawese au ya dukani, hulegeza koo. Dawa za usingizi usimpe kabisa. Wapo wanaompa mtu valiamu kwa kuwa “halali vizuri”, na hiyo ni kumfunga mtu kamba ya pili. Uzito ukipungua koo hupata nafasi, ila hilo ni la miezi, msimfanyie vikao. Na asiendeshe pikipiki akiwa anasinzia. Ufunguo wa yake niliuficha kwenye kopo la unga, nikagombezwa, sikuutoa.

Mtego mmoja: mtungi wa oksijeni peke yake nyumbani, bila daktari kuagiza. Namba ya kidoleni itapanda na mtafurahi, huku koo bado linaziba vilevile. Kwa wale wanaopumua kidogo hata mchana, hewa chafu yaweza kurundikana mwilini hadi mtu akapoteza fahamu.

Tiba yenyewe kwa kiwango kikubwa ni mashine ya kusukuma hewa, CPAP, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Haitoi oksijeni. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia barakoa ya puani, na hewa hiyo husimama kooni kama nguzo inayozuia paa lisianguke. Mapafu yasipokosa hewa usiku, mishipa hupata sababu ya kulegea, na baada ya miezi presha ya mapafu kwa wengi hushuka kwa kiasi. Isiyoshuka ndiyo inayotafutiwa chanzo kingine. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, kichujio kitazamwe, kwetu vumbi la kiangazi hukifanya chekundu haraka. Wiki ya kwanza atasema inamkaba. Mzoeshe mchana, akiwa ameketi anasikiliza redio, nusu saa nusu saa.

Umeme ukikatika, barakoa hubaki usoni na hewa haisukumwi, kwa hiyo avue mara moja. Sisi tumefunga betri ya sola pembeni na kuzima kile kipasha maji cha mashine, maana ndicho kinachokula umeme. Betri nayo ikiisha, kama juzi, namwamsha, anavaa fulana ya mise, anageukia ubavu wa kushoto, nami narudi kwenye kiti changu na saa.